Kitu Hiki Kiko Wapi? Maneno ya Kompyuta na Intaneti kwa Nyumba za Shinyanga na Geita

Kompyuta iliingia katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita kupitia lango la mgodi na milango ya ofisi, na ilichukua muda mrefu kabla ya kuvuka kizingiti cha nyumba ya mwananchi wa kawaida. Tanzania yenyewe ilichelewa kwa uamuzi wake, kwani mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuziingiza hesabu za Wizara ya Fedha katika mashine hizo kwenda mrama, na miaka mingi ilipita kabla ya marufuku hiyo kulegezwa. Mgodi wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka uliofuata, kompyuta zilikuwa zana za kila siku za wahandisi waliokuwa ndani ya uzio, ilhali mkazi wa Katoro au Kakola aliyekuwa nje ya uzio huo alikuja kuifahamu intaneti baadaye, na aliifahamu kwanza kwenye simu ya mkononi.

Historia hiyo imezaa mtumiaji wa aina ya pekee, yaani mtu anayejua kujiunga na bando, kutuma fedha kwa simu na kutazama matokeo ya mtihani ya mwanawe, lakini ambaye akiketi mbele ya kompyuta yake ya kwanza nyumbani hukutana na msamiati unaomfanya ajione mgeni. Ugumu wa msamiati huo hautokani na ugeni wa maneno peke yake. Unatokana zaidi na kutojua kwamba kila kitu kinachotajwa kina mahali pake: vipo vitu vilivyo ndani ya mashine, vipo vilivyo njiani kati ya mashine na dunia, na vipo vilivyo katika mashine za watu wengine, pengine katika bara jingine. Anayeweza kujibu kwamba kitu fulani kiko wapi hujua pia pa kulalamikia kinapokwama, na hilo si jambo dogo katika nyumba ambayo bando la wiki hununuliwa kwa hesabu.

Kwa kuanza na yaliyo ndani, kompyuta ni mashine inayopokea taarifa, kuzichakata kwa kufuata maagizo, kuzitunza na kuzitoa, na kwa maana hiyo simu janja nayo ni kompyuta kamili. Sehemu zake zinazoshikika kwa mkono, kama vile kibodi ya kuandikia, kipanya cha kuelekezea na skrini ya kuonyeshea, huitwa maunzi, na maagizo yasiyoshikika yanayoiendesha huitwa programu. Miongoni mwa programu hizo kuna moja inayozisimamia nyingine zote, nayo huitwa mfumo endeshi. Kwenye simu nyingi mfumo huo ni Android, na kwenye kompyuta nyingi zinazouzwa Kahama, Shinyanga na Geita ni Windows. Programu zinazofanya kazi mahususi chini ya usimamizi huo, kwa mfano ya kuandikia barua au ya kupigia hesabu, huitwa programu tumishi.

Mnunuzi wa kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, maarufu kwa jina la laptopu, hutajiwa namba mbili na muuzaji, tuseme GB 8 na GB 256, na mara nyingi hudhani kwamba ya pili ni sifa kubwa zaidi kwa sababu tu namba yake ni kubwa. Namba ya kwanza ni ya kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM, na ya pili ni ya diski, yaani hifadhi ya kudumu. Uhusiano wao unafanana na ule wa uwanja ulio mbele ya karasha na ghala la mifuko ya mawe: ghala linaweza kuwa kubwa, lakini kasi ya kazi ya siku hutegemea ni mawe mengi kiasi gani yanaweza kumwagwa uwanjani kwa wakati mmoja. Tofauti ni kwamba uwanja wa kompyuta hufagiwa wote umeme unapokatika, na ndiyo maana barua iliyoandikwa kwa saa nzima bila kuhifadhiwa hupotea taa zinapozimika, wakati iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye diski hubaki. Kompyuta mpakato yenye betri nzima humpa mtumiaji muda wa kuhifadhi kazi yake. Kompyuta ya mezani huhitaji kifaa cha akiba ya umeme, yaani UPS, na anayeishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa asikihesabu kifaa hicho kuwa anasa.

Aina ya diski nayo ina uzito wake. Diski za zamani zina sahani inayozunguka kwa kasi na huumia zikitikiswa, na kompyuta iliyosafiri kwa basi au bodaboda kutoka Mwanza hadi Nyarugusu hutikiswa vya kutosha. Diski mpya zaidi, zinazojulikana kama SSD, hazina kitu kinachozunguka, hustahimili safari na huiwasha mashine kwa haraka. Ni vyema pia kuuliza toleo la mfumo endeshi, kwa kuwa kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya kupokea Windows 11. Kompyuta ya namna hiyo haifi, lakini haipelekewi tena masahihisho ya usalama bila mpango maalumu, na bei yake haina budi kushushwa kwa kiasi kinachostahili.

Kazi yoyote iliyohifadhiwa, iwe barua, picha au wimbo, huitwa faili, na faili hukusanywa ndani ya folda ili zisitapakae. Hapo pana maelezo machache ya kutoa. Kinachodaiwa ni nidhamu ya kuzipa faili majina yanayoeleweka.

Yanayodai maelezo marefu ni vipimo, kwa sababu ndivyo vinavyogusa mfuko. Kipimo kidogo kabisa cha taarifa ni biti, ambayo ina thamani ya sifuri au moja tu, na biti 8 hufanya baiti moja, inayotosha kubeba herufi moja ya maandishi ya Kiswahili. Baiti 1,000 hufanya kilobaiti, kilobaiti 1,000 hufanya megabaiti, ndiyo MB ya kwenye bando, na megabaiti 1,000 hufanya gigabaiti, ndiyo GB. Baadhi ya programu, Windows ikiwa mojawapo, huzidisha kwa 1,024 badala ya 1,000, na matokeo yake diski iliyouzwa kuwa ya GB 256 huonekana kwenye skrini kuwa na takriban GB 238. Muuzaji hakuiba kitu, ni hesabu mbili tofauti za kitu kilekile. Kwa vipimo hivyo, barua ya kurasa mbili huchukua kilobaiti chache, picha ya kamera ya simu huchukua megabaiti kadhaa, na video ya saa nzima yenye ubora wa wastani inaweza kumaliza nusu ya gigabaiti.

Kasi ya intaneti, kwa upande mwingine, hupimwa kwa megabiti kwa sekunde wala si kwa megabaiti, na tofauti hiyo ya herufi moja imewafanya wengi waamini kuwa wamepunjwa. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, mtandao wenye kasi ya megabiti 8 kwa sekunde huleta megabaiti moja tu kwa sekunde, na faili ya megabaiti 100 itachukua si chini ya sekunde 100 kuishusha hata hali ikiwa nzuri kabisa. Kuileta faili kutoka mtandaoni hadi kwenye mashine ya nyumbani huitwa kupakua, na kuipeleka kutoka nyumbani kwenda mtandaoni huitwa kupakia. Vitendo vyote viwili hula bando, jambo ambalo husahaulika pale mtu anapotuma video za harusi.

Wanaounganisha kompyuta kwa bando la simu kwa mara ya kwanza hushangaa kuona kiasi kilichokuwa kikitosha wiki nzima kinaisha kwa siku moja. Chanzo chake kwa kawaida ni masasisho, yaani maboresho ya programu ambayo kompyuta huyapakua yenyewe bila kuaga, ikidhani kwamba iko katika nchi ambazo intaneti hulipiwa kwa mwezi pasipo kikomo. Katika mipangilio ya Windows ipo sehemu ya kuieleza mashine kwamba muunganisho unaotumika hulipiwa kwa kipimo, na ikishaelezwa hupunguza upakuaji huo wa kimyakimya. Masasisho yenyewe yasikataliwe moja kwa moja, kwa kuwa ndiyo yanayoziba matundu ya usalama. Yapangiwe siku, ikiwezekana mahali penye intaneti ya bei nafuu.

Baada ya mashine inafuata njia. Simu inapogawa intaneti yake kwa kompyuta huwa imefunguliwa hotspoti, na katika nyumba au ofisi yenye huduma ya kudumu kazi hiyo hufanywa na kisanduku kiitwacho rauta. Mawasiliano ya redio kati ya kompyuta na kisanduku hicho ndiyo Wai-fai, ambayo hufika umbali wa makumi machache ya mita, basi. Wai-fai si intaneti. Alama yake inaweza kujaa kwenye skrini ilhali hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka, kwa sababu kipande cha njia kati ya kompyuta na rauta ni kizima, lakini kipande kinachotoka kwenye rauta kwenda nje kimekatika au hakijalipiwa.

Kutoka kwenye simu au rauta ya Kakola, taarifa husafiri kwa redio hadi kwenye mnara wa kampuni ya simu, na herufi G inayotanguliwa na 3, 4 au 5 hutaja kizazi cha teknolojia ya mnara huo, ambapo kizazi kipya huwa na kasi zaidi. Minara mingi ya vijijini imejengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, kwa kuwa kampuni zisingevutiwa na wateja wachache wa maeneo hayo. Kutoka mnarani taarifa huingia katika nyaya za nyuzi za kioo, zikiwemo za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL, ambazo hubeba taarifa kwa mwanga hadi Dar es Salaam. Kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya taarifa za kwenda ng'ambo ilipandishwa kwenye setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kwenda na kurudi kwa ombi moja kuliweza kuchukua nusu sekunde kwa sababu ya umbali tu. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukigusa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 wananchi walipata somo la wazi kuhusu njia hiyo, pale nyaya hizo mbili zilipopata hitilafu chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora nchi nzima. Minara ya Shinyanga ilikuwa mizima, bando lilikuwa limelipiwa, na kuizima simu na kuiwasha tena hakukusaidia kitu, kwa kuwa tatizo lilikuwa kwenye sakafu ya bahari, maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Mwisho wa njia kuna seva. Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kungoja maombi ya kompyuta nyingine na kuyajibu, na tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zinazotunzwa kwenye seva. Siku ambayo Baraza la Mitihani linatangaza matokeo, seva moja au chache huombwa kurasa zilezile na watu wengi mno kwa wakati mmoja, na mzazi wa Kishapu anayesubiri ukurasa ufunguke hana sababu ya kununua bando la pili, kwa sababu msongamano hauko upande wake. Inafaa pia kutenganisha intaneti na wavuti, mambo mawili yanayochukuliwa kuwa kitu kimoja. Intaneti ni muungano wa mitandao ya kompyuta, na mzizi wake ni mtandao wa ARPANET wa Marekani wa mwaka 1969. Wavuti, yaani mfumo wa kurasa zilizounganishwa kwa viungo vya kubofya, ulipendekezwa miaka 20 baadaye na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva. Wavuti hupita ndani ya intaneti, kama zinavyopita barua pepe na ujumbe wa WhatsApp.

Programu inayofungua kurasa za wavuti huitwa kivinjari, kwa mfano Chrome au Firefox, na hiyo iko ndani ya kompyuta ya nyumbani. Kitafutio kama Google ni huduma iliyo kwenye seva za mbali, inayotafuta kurasa zenye maneno aliyoyaandika mtu. Tofauti hiyo ina manufaa ya moja kwa moja, kwa kuwa anayeandika jina la taasisi kwenye kitafutio huletewa orodha ambayo juu yake kunaweza kukaa tangazo la kulipiwa, wakati anayeandika anwani kamili kwenye sehemu ya juu ya kivinjari huenda moja kwa moja anakotaka.

Anwani ya tovuti husomwa kutoka kulia. Katika necta.go.tz, herufi tz zinataja Tanzania, go inataja taasisi ya serikali, na necta ndilo jina la taasisi, yaani Baraza la Mitihani. Vivyo hivyo ac ni ya elimu ya juu, co ni ya biashara na or ni ya mashirika yasiyo ya kibiashara. Jina zima huitwa kikoa. Matapeli hutumia ukweli kwamba watu wengi husoma kutoka kushoto, hivyo hutunga anwani inayoanza na jina la taasisi inayoaminika na kuendelea, baada ya nukta, na maneno mengine yanayoishia kwa com au herufi nyinginezo. Kinachoamua mwenye tovuti ni maneno ya mwisho kabla ya mkwaju mmoja wa kwanza, na kama hapo hapana go.tz, ukurasa huo usichukuliwe kuwa wa serikali ya Tanzania hata ukiwa na nembo ya bibi na bwana. Alama ya kufuli nayo isipewe sifa isiyo yake: inathibitisha kwamba mazungumzo kati ya kivinjari na seva yamefumbwa yasisomwe njiani, wala haithibitishi kwamba mwenye seva ni mwaminifu.

Neno wingu limewapotosha wengi kwa sababu linaelekeza macho juu, wakati kitu chenyewe kiko ardhini: kuhifadhi faili kwenye wingu ni kuiweka kwenye seva ya kampuni fulani, ili ipatikane kwenye kifaa chochote ambacho mwenyewe ataingia. Faida yake huonekana kompyuta inapoibwa au kuungua, na hasara yake ni kwamba bila bando faili haifikiki. Flashi, ile inayochomekwa ubavuni mwa kompyuta, haina haja ya bando, lakini inapopitishwa kwenye kompyuta za steshenari zinazotumiwa na watu wengi hurudi mara nyingi na virusi, yaani programu hasidi, ambavyo vina tabia ya kuzificha faili na kuonyesha njia za mkato mahali pake. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, leseni na hati ya kiwanja visikae mahali pamoja tu. Nakala rudufu moja ikae kwenye flashi isiyotembea ovyo na nyingine kwenye wingu.

Sehemu nyeti kuliko zote ni akaunti, nayo katika ukanda huu ina sura yake. Tangu mwaka 2015 maombi ya leseni za madini yamekuwa yakipelekwa kwa njia ya mtandao, na mchimbaji mdogo anayetaka leseni ya eneo lisilozidi hekta 10 hulazimika kuwa na barua pepe, jina la mtumiaji na nywila. Kwa kuwa wachimbaji wengi hawana kompyuta, huenda steshenari, na kijana wa pale humfungulia mteja barua pepe, hubuni nywila mwenyewe, huweka namba yake ya simu kama namba ya kurejesha akaunti, hupokea malipo yake, na mteja huondoka na karatasi iliyochapwa. Hakuna ubaya uliokusudiwa, na huduma hiyo imewafaa wengi ambao bila hiyo wasingefika popote. Lakini leseni hudumu miaka 7, na kijana wa steshenari huenda asiwepo pale hata miezi 7. Taarifa za ada ya mwaka na barua za maofisa huendelea kuingia katika sanduku ambalo mwenye leseni hawezi kulifungua, na mbele ya mfumo mwenye akaunti ni yule anayeijua nywila. Hali hiyo huwapata pia vijana wanaoomba mikopo ya elimu ya juu na nafasi za kazi serikalini.

Nywila njema ni ndefu, haina jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na haitumiki kwenye akaunti mbili. Juu yake huongezwa namba ya siri ya mara moja, inayotumwa kwenye simu ya mwenye akaunti wakati wa kuingia, na hakuna ofisi ya kweli inayompigia mtu simu kumwomba aitaje namba hiyo. Anayetumia kompyuta isiyo yake abofye kitufe cha kutoka kabla ya kuinuka, kwani kufunga kivinjari peke yake huiacha akaunti wazi mara nyingi. Ujumbe wa kitapeli, ule unaodai kwamba fedha zitumwe kwenye namba hii, hupelekwa pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040 bila kumjibu mtumaji, na kwa kupiga *106# mtu huweza kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa.

Kwa hiyo, yeyote ambaye barua pepe yake ilifunguliwa na mtu mwingine aende kwa mtu huyo mapema, angali anapatikana, aingie mwenyewe kwenye mipangilio ya akaunti, abadili nywila, aondoe vifaa asivyovitambua, na aweke namba yake ya simu badala ya iliyopo. Na namba hiyo iwe ya laini anayoitumia kila siku, kwa sababu laini iliyoachwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mteja mwingine.